Oscar Tshiebwe, pivo wa Lubumbashi: historia ya kijana aliyejulikana kwa mipira ya kurudi

Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya barabara, maji, umeme na bei ya unga. Leo tunaongea juu ya basketi, lakini si kwa kupitisha muda tu. Kuna wazazi wanaoniuliza, "Mtoto wangu ni mrefu, anapenda mpira, je, kuna njia?" Badala ya kujibu kwa maneno ya kufurahisha, nimeona afadhali tupitie historia ya kijana aliyetoka jirani yetu, ambaye njia yake inajulikana hatua kwa hatua.

Kijana huyo ni Oscar Tshiebwe. Alizaliwa Lubumbashi tarehe 27 Novemba 1999, mji ulio karibu kilomita 120 kutoka kwetu. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa basketi wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Wengi wanajua jina hilo. Wachache wanajua kwamba hakulipata kwa kufunga pointi nyingi kuliko wenzake, bali kwa kuokota mipira ambayo wengine wamekosa kufunga. Hiyo ndiyo historia yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya nafasi yake. Katika basketi, timu ina wachezaji watano uwanjani. Mmoja wao, mara nyingi mrefu na mwenye nguvu, anakaa karibu na kikapu. Kwa Kifaransa cha kwetu tunamwita pivo. Kazi yake ya zamani ni tatu: kufunga akiwa karibu, kuzuia adui asifunge, na kuuchukua mpira unapogonga chuma na kurudi. Mpira huo wa kurudi wengine wanauita ribaundi. Kikapu kina urefu wa mita 3.05 kutoka chini, basi mtu anaweza kudhani kwamba urefu peke yake unatosha. Hautoshi. Mpira ukirudi, wanaurukia watu wengi kwa pamoja. Anayeupata mara nyingi ni yule aliyesimama mahali pazuri kabla ya wengine, akaweka mgongo na makalio yake kati ya adui na kikapu, akajua mpira utaangukia wapi. Mpira uliorushwa kutoka mbali hurudi mbali. Uliorushwa kutoka upande mmoja mara nyingi huangukia upande wa pili. Hayo yanafundishwa, na yanachosha, kwa sababu mtu anapigana kila mara, hata pale mpira haumfikii.

Kabla ya Tshiebwe, Congo yetu ilikuwa imekwisha kutoa pivo mkubwa. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alienda Marekani kwa msaada wa masomo, katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, akiwa na nia ya kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakuchezea timu ya chuo. Kocha John Thompson alimchukua baadaye, na katika msimu wa 1988-89 wastani wake ulikuwa pointi 3.9 na mipira ya kurudi 3.3 kwa mechi. Hizo ni namba za mtu anayekaa kwenye benchi. Hata hivyo, katika msimu huohuo alizima mipira 12 ya adui katika mechi moja. Kocha akaona kazi yake iko wapi. Kufika msimu wa mwisho, 1990-91, wastani ulikuwa pointi 15.2 na mipira ya kurudi 12.2, na mipira aliyozima ilikaribia 5 kwa kila mechi. Alimaliza masomo ya lugha na diplomasia, akachaguliwa wa nne na NBA mwaka 1991. Baadaye akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Lubumbashi nayo ilimtoa Bismack Biyombo, aliyezaliwa mwaka 1992. Yeye hakupita chuo kikuu. Alicheza Hispania, na mwaka 2011 NBA ikamchagua wa saba. Kwa hiyo Tshiebwe alipokuwa mtoto, njia mbili zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na wakubwa wake: ile ya masomo na ile ya klabu za Ulaya.

Tshiebwe mwenyewe alianza na futboli, kama watoto wetu wengi. Basketi aliijua akiwa amekwisha kuwa kijana. Alienda Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akasoma kwanza Mountain Mission School, katika mji mdogo wa Grundy, jimbo la Virginia, kisha Kennedy Catholic katika jimbo la Pennsylvania. Huko alishinda ubingwa wa jimbo mwaka 2019. Fikirieni mtoto aliyetoka kwenye Kiswahili na Kifaransa, anakaa darasani kwa Kiingereza asubuhi, na jioni anajifunza mchezo ambao wenzake wanaucheza tangu utotoni.

Mwaka 2019 aliingia Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa kocha Bob Huggins, anayejulikana kwa kutaka wachezaji wenye nguvu na ugumu. Tshiebwe, mwenye mita 2.06 na mabega mapana, alifaa. Mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 11.2 na mipira ya kurudi 9.3. Ni mwanzo mzuri sana. Lakini mwaka wa pili mambo yalishuka. Alicheza mechi 10 tu, wastani wake ukapungua, na mwanzoni mwa Januari 2021 ilitangazwa kwamba ameiacha timu kwa sababu zake binafsi. Baada ya siku chache akachagua Chuo Kikuu cha Kentucky, kwa kocha John Calipari. Msimu uliobaki hakucheza hata mechi moja; alifanya mazoezi na kungoja.

Hapa naomba tusimame kidogo. Watu wanaohesabu mafanikio hupenda kuruka miezi hiyo. Mimi naiona kuwa ya maana. Ninyi mliokaa miezi katika nyumba ya jamaa mkingoja kurudi kijijini, mnajua kungoja ni nini. Kijana wa miaka 21 yuko mbali na nyumbani, amebadilisha chuo katikati ya mwaka, na hana mechi ya kuonyesha uwezo wake. Kilichobaki mkononi ni mazoezi peke yake.

Tarehe 9 Novemba 2021 alivaa jezi ya Kentucky kwa mara ya kwanza katika mechi rasmi, mjini New York, dhidi ya Duke. Kentucky ilishindwa, lakini Tshiebwe alimaliza na pointi 17 na mipira mingi ya kurudi. Tarehe 22 Desemba mwaka uleule, dhidi ya Western Kentucky, aliokota mipira 28 katika mechi moja. Hakuna mchezaji aliyewahi kufika hapo ndani ya uwanja wa Rupp, nyumba ya timu hiyo. Mechi hiyo ilitumiwa pia kukusanya msaada kwa ajili ya familia zilizobomolewa nyumba na dhoruba kali siku chache kabla, magharibi mwa jimbo la Kentucky.

Msimu ulipoisha, wastani wake ulikuwa pointi 17.4 na mipira ya kurudi 15.1 kwa mechi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40 bila mchezaji wa daraja la kwanza la vyuo kufikisha wastani wa mipira 15. Zawadi kubwa zote za mchezaji bora zikaja kwake: ya Naismith, ya Wooden, ya shirika la habari la Associated Press na nyingine. Hiyo ya kwanza ina jina la James Naismith, mwalimu aliyeuanzisha mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, akitumia vikapu vya matunda.

Mnaona kilichobadilika? Kati ya mwaka wa kwanza West Virginia na mwaka huo Kentucky, pointi zake ziliongezeka kwa 6 hivi kwa mechi, na mipira ya kurudi kwa karibu 6 pia. Urefu wake haukubadilika. Kilichobadilika ni nafasi yake katika timu. Mwenzake alipokosa, timu ilijua kwamba Oscar yuko pale, na kwamba shambulio halijaisha. Mwenye kurusha kutoka mbali anapata moyo wa kurusha, kwa kuwa kosa lake lina mtu wa kulisahihisha. Kazi ya mmoja inawatoa hofu wanne.

Lakini historia ya kweli ina upande mwingine. Tarehe 17 Machi 2022, katika mechi ya kwanza ya mashindano makubwa ya taifa, Kentucky ilikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuokota mipira 16. Kentucky ikashindwa, 85 kwa 79, baada ya muda wa nyongeza. Mchezaji bora wa nchi nzima akarudi nyumbani siku ya kwanza. Pivo hawezi kubeba timu peke yake, hata afanye kazi yote aliyopewa.

Wengi walidhani angeenda moja kwa moja kutafuta mkataba. Alibaki Kentucky mwaka mmoja zaidi. Wakati huo wanafunzi wa Marekani walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kupokea pesa za matangazo, lakini yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi wa kigeni, isiyomruhusu kufanya kazi hiyo ndani ya Marekani. Timu ilipoenda Bahamas Agosti 2022, ndipo alipoweza kufanya matangazo, kwa kuwa alikuwa nje ya nchi. Mwenye karatasi za ugeni anajua: hata ukiwa wa kwanza kwa kazi, unaishi kwa sheria ya karatasi hizo.

Msimu huo wa 2022-23 alipata wastani wa pointi 16.5 na mipira 13.7. Dhidi ya Georgia, Januari 2023, alifunga pointi 37 na kuokota mipira 24. Mwezi wa Machi, dhidi ya Providence, alipata pointi 8 tu, lakini mipira ya kurudi 25, na Kentucky ikashinda. Mechi hiyo ya pointi 8 inanifundisha zaidi kuliko ile ya 37. Siku kikapu kinapokataa, kazi nyingine bado ipo. Raundi iliyofuata Kansas State ikawatoa.

Kisha ukafika uteuzi wa NBA wa Juni 2023. Wachezaji 58 walichaguliwa. Jina la Tshiebwe halikusomwa. Sababu si siri: basketi ya kulipwa imegeuka. Siku hizi pivo anatakiwa kurusha kutoka mbali na kumfuata mchezaji mwepesi hadi nje ya eneo la kikapu. Kazi aliyoijua kuliko wote ilikuwa imeshuka bei sokoni. Sisi wa Likasi tunaelewa jambo hilo. Tumeona mafundi stadi wa Gécamines ambao ujuzi wao haukupungua, lakini kazi ilipungua. Hakuacha. Alipata mkataba wa nusu, ule wa kucheza kati ya timu kubwa na timu yake ndogo, kwanza Indiana Pacers, halafu Utah Jazz, na akafika kucheza NBA kwa mlango huo.

Sasa nawarudia wazazi walioniuliza. Historia hii inaonyesha mambo matatu. La kwanza, masomo ndiyo yaliyobeba njia ya Mutombo na ya Tshiebwe. Bila darasa hakuna timu ya chuo. La pili, mwaka wa kwanza hausemi mwisho. Mutombo alianza na pointi 3.9, Tshiebwe alipoteza sehemu kubwa ya msimu mmoja. La tatu, hata zawadi kubwa haileti uhakika wa mkataba.

Kwa hiyo, papa na mama, mtu akija na kusema atampeleka mtoto Ulaya au Marekani kwa sababu ni mrefu, msitoe franka hata moja kabla ya kuuliza: shule inaitwa nani? Barua yake iko wapi? Mtoto atalala kwa nani, na akiumia mguu nani atamlipia masomo? Mwenye nia njema hatakasirika kwa maswali hayo. Mpeni barua hiyo mwalimu au mtu anayejua Kiingereza aisome kwanza.

Na ninyi vijana wa Kikula, wenyeji na waliohamia, mnaocheza pamoja kwenye viwanja vya vumbi: mwenzako akirusha, usisimame kutazama. Nenda kasimame pale mpira utakapoangukia.