Simu ya mkononi katika utafiti wa kiethnografia (Mbulu na Hanang)

Simu ya mkononi, katika utafiti wa kiethnografia, ni chombo cha kukusanyia habari na papo hapo ni kitu cha kuchunguzwa: ni ya nani, nani huinunulia vocha, nani hujua namba ya siri. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, simu hiyo hufaa zaidi kwa sauti kuliko maandishi, kwa kuwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na Kidatoga cha Kiniloti huzungumzwa zaidi kuliko kuandikwa.

Ethnografia ya huku ilitangulia simu. George Klima, katika kitabu chake cha 1970, alieleza baraza la wanawake wa Kibarabaig, tawi la Wadatoga, lililoweza kumtoza mwanamume faini ya mifugo. Kwa hiyo mtafiti anayefika na dhana kwamba mwanamke wa kifugaji hana sauti ameshapotea njia kabla hajawasha kinasa sauti.

M-Pesa ilianza nchini 2008, na mambo ya fedha yakahamia kwenye meseji: fedha ya mbuzi aliyeuzwa mnadani, ada, vocha. Kumbukumbu hizo zina thamani zaidi kuliko hojaji, lakini ni siri za watu. Kitochi kimoja, yaani simu ndogo ya kawaida, chaweza kutumiwa na nyumba nzima, na jina lililosajiliwa kwenye laini si lazima liwe la mtumiaji. Ridhaa ya mwenye laini, basi, haitoshi; aliyetuma meseji naye aulizwe, faraghani. Faragha hiyo inalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022.