Televisheni na mtoto wa chekechea

Je, kipindi cha televisheni kinaweza kumfundisha mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe, wilaya ya Mkoa wa Pwani kama zilivyo Kibiti na Rufiji. Kwa wiki sita walipata Kilimani Sesame kwa televisheni, redio na vitabu. Waliokipokea vizuri zaidi ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika herufi, hesabu, kuelewana na wenzao na kuijua malaria.

Katika vijiji vya delta tunavyovifikia kwa boti, nyumba nyingi hazina televisheni. Hilo lisitukatishe tamaa, kwani hata redio ilitumika, na faida ilitegemea mtoto ameshika nini. Kwa hiyo tukae naye, tumuulize alichosikia, tuhesabu naye samaki waliovuliwa. Palipo na televisheni, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini.