Dodoso si Udodosi

Kiswahili kina kitenzi kizuri, kudodosa: kumuuliza mtu kidogo kidogo, swali juu ya swali, mpaka atoe alichokificha au alichokisahau. Bibi humdodosa hivyo mjukuu aliyechelewa kurudi kutoka kisimani. Wataalamu walipotafuta jina la ile karatasi yenye visanduku vya kutia alama ya vema, wakaenda kwenye kitenzi hichohicho, wakapata dodoso. Karatasi lakini haidodosi. Inauliza mara moja, ikijibiwa "ndiyo" inasonga mbele.

Hasara ya uteuzi huo inaonekana kwenye kuutambua usonji wa mtoto. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouthibitisha. Tabibu humwangalia mtoto na kumsikiliza aliyemlea. Ndiyo maana mwaka 1989 watafiti, wakiwemo Ann Le Couteur, Michael Rutter na Catherine Lord, walitoa mahojiano maalumu yanayoitwa ADI, yakarekebishwa mwaka 1994 na kuwa ADI-R. Yana vipengele 93 na huchukua saa moja na nusu hadi mbili na zaidi. Alama haitokani na "ndiyo" au "hapana" ya mzazi. Anayehoji ndiye anayeiweka, baada ya kusikia visa vya kutosha.

Sasa tuyaiteje kwa Kiswahili? "Usaili" umeshachukuliwa na waomba kazi. "Uchunguzi" mgonjwa akiusikia anauliza maabara iko wapi. "Mahojiano ya utambuzi" yanaeleweka, nami siyakatai, ila yana harufu ya kituo cha polisi, na hayasemi kazi yenyewe inafanywaje. Mimi nachagua udodosi wa utambuzi.

Tuseme tupo chumba cha kliniki wilayani Mbulu, tabibu yuko mafunzoni, na mkufunzi amekaa pembeni.

"Mama, mtoto huwa anakuonyesha vitu?"

"Ndiyo daktari, ananionyesha."

Mwenye dodoso angetia vema. Mwenye udodosi anaendelea: "Mara ya mwisho alikuonyesha nini?"

"Alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye ndoo ya maji."

"Akakuangalia usoni?"

"Hapana. Aliuweka mkono wangu kwenye kikombe."

"Na ng'ombe wakiingia shambani, huwanyooshea kidole akakugeukia, ili nawe uwaone?"

Mama ananyamaza. "Hilo bado sijaliona."

Jibu limegeuka kabisa, na mama hakudanganya hata mara moja. "Kuonyesha" kwake kulikuwa kuomba maji. Kutumia mkono wa mtu mwingine kama chombo, bila kumtazama, ni mojawapo ya dalili zinazotafutwa; kumshirikisha mwenzako jambo kwa sababu tu limekupendeza ni kitu kingine. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kimebeba yote mawili, na tabibu asiyefundwa anapotea hapo.

Mbulu na Hanang panahitaji udodosi kuliko sehemu nyingi. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni Kiniloti, wapo wasemaji wa lugha za Kibantu, na Kihadza hakina ndugu aliyethibitishwa. Mama anayefika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huenda anajibu kwa Kiswahili kile alichokikumbuka kwa Kiiraqw. Swali la kutazamana usoni nalo lina mtego: mtoto aliyefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa ana adabu, hana dalili. Basi mama aulizwe mtoto anavyowatazama watoto wenzake. Na kile kipimo cha kumwangalia mtoto akicheza, ADOS, kina mchezo wa sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere. Mtoto ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa atafanya nini nayo? Muulize mama kama mtoto huwa anafinyanga ng'ombe wa udongo na kuwachunga.

Mwaka 2014 Ashley Harrison na wenzake, akiwemo Profesa Karim Manji wa Muhimbili, walichapisha mbinu ya kupima usonji Tanzania inayoegemea zaidi kumwangalia mtoto. Nakubaliana nao, ila tabibu hawezi kuuangalia mwaka uliopita.

Umri nao ni kazi. Ukiuliza "alikuwa na miezi mingapi?" unapata kubahatisha. Uliza kama ilikuwa kabla ya kuvuna vitunguu saumu, au shika kadi ya kliniki: chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18. "Siku ya chanjo ya pili, alikuwa anakuita mama?" Chanjo hapa ni kalenda tu. Makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha na usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha.

Kwa hiyo, mzazi, ukiitwa kwenye chumba hicho nenda na kadi ya kliniki, na usijibu "ndiyo" kabla hujaikumbuka siku yenyewe.