Kanda za king'ora cha moto

Kanda za king'ora cha moto ni sehemu ambazo jengo au kundi la majengo hugawanywa, ili king'ora kinapolia ijulikane moto uko wapi. Taarifa hiyo huonyeshwa kwenye paneli, yaani kisanduku kinachopokea ishara kutoka kwenye vitambuzi vya moshi, vitambuzi vya joto na vitufe vya dharura vya ukutani. Pale paneli kadhaa zinapounganishwa kuwa mtandao mmoja, namba ya kanda peke yake haitoshi; ni lazima itajwe pamoja na paneli yake.

Aina za mifumo

Katika mfumo wa zamani, ambao bado hutumika katika majengo madogo, kila kanda ina nyaya zake na taa yake. Taa ya 3 ikiwaka, mlinzi anajua kwamba moto uko kanda ya 3, lakini hajui ni chumba gani. Kwa sababu hiyo kiwango cha Uingereza BS 5839-1 huwekea kanda mipaka: kwa kawaida isizidi mita za mraba 2,000, isivuke ghorofa moja isipokuwa jengo likiwa dogo sana, na mtafutaji asitembee zaidi ya mita 60 ndani yake kabla ya kuuona moto. Ngazi huwa kanda ya peke yake, kwa kuwa moshi hupanda kupitia hapo.

Katika mfumo wa anwani kila kitambuzi kina namba yake. Waya hutoka kwenye paneli, hupita kwenye vifaa vyote na kurudi kwenye paneli ileile, hivyo ukikatika mahali pamoja ishara bado hufika kwa upande wa pili. Paneli huandika kwa maneno mahali kilipo kitambuzi. Kanda zinabaki, ila hupangwa kwa programu badala ya nyaya.

Paneli nyingi katika mtandao

Tuchukue hospitali ya misheni yenye majengo ya chini yaliyotawanyika, kama zile za vijijini, mfano Berega wilayani Kilosa. Ikiwekewa paneli tatu, kila moja inaweza kuwa na kanda ya 1: wodi ya wazazi kwenye paneli ya kwanza, maabara kwenye ya pili, chumba cha jenereta kwenye ya tatu. Mtu aliye getini akiona tu "Kanda 1" anaweza kukimbilia jengo lisilo na moto. Kwa hiyo kila paneli hupewa namba yake katika mtandao. Mafundi wengine huendeleza hesabu ya kanda kutoka paneli moja hadi nyingine ili namba isijirudie, na utaratibu huu ni bora kwa watumiaji.

Kosa la aina hii lilitokea Paris, Ufaransa, tarehe 15 Aprili 2019. King'ora cha kanisa kuu la Notre-Dame kililia mnamo saa 12:20 jioni, lakini mlinzi alipanda kwenye dari la sakristia, jengo dogo la pembeni, asikute kitu. Moto ulikuwa kwenye dari la kanisa lenyewe. Karibu nusu saa ilipita kabla ya kosa kugunduliwa, na kabla ya saa 2 usiku mnara wa paa ulikuwa umeanguka. Kitambuzi kilikuwa kimefanya kazi yake. Tatizo lilikuwa kuelewa mahali palipotajwa.

Majina na ramani

Jina la kanda linapaswa kuwa lile linalotumiwa na watu wa hapohapo. Paneli nyingi huletwa zikiwa na maandishi ya Kiingereza, lakini majina ya mahali huingizwa na fundi, na hakuna kinachozuia kuandika "Stoo ya dawa" au "Bweni la wasichana". Jina la mfadhili aliyejenga wodi halimsaidii mlinzi mgeni wa zamu ya usiku.

Kando ya paneli hutundikwa ramani ya kanda, ikielekezwa jinsi msomaji anavyosimama: kilicho kushoto kwake kiwe kushoto kwenye ramani.

Nchini Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114. Mahali palipo mbali na mji, wanaofika kwanza kwenye moto ni walinzi, wauguzi au walimu, nao ndio wanaopaswa kujua kuisoma paneli. Katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, Agosti 2009, walikufa wanafunzi wasichana 12.

Ukaguzi hufanywa na watu wawili: mmoja hujaribu kitufe ndani ya kanda, mwingine husoma paneli na kulinganisha. Hurudiwa kila ukuta unapoongezwa au chumba kinapobadilishwa matumizi, kwa sababu paneli huendelea kuonyesha jina la zamani mpaka fundi alibadilishe.