Kutoka Soko la Ntoto hadi Ukumbi wa Maonyesho: Studio Huru za Michezo ya Video na Historia ya Kivu

1. Utangulizi

Soko ni mahali pa kununua na kuuza, lakini ni mahali pa kuonyeshana pia. Mwenye mali huitandaza mbele ya macho ya watu, mpita njia husimama, huuliza, huishika mkononi, kisha huamua. Katika kijiji cha Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale katika Kivu ya Kaskazini, soko lilikuwa mahali pa kukutana kwa Wanyanga, Wahunde na wasemaji wa Kinyarwanda. Tarehe 20 Machi 1993 soko hilo lilishambuliwa, na watu waliokuja kuuza na kununua wakauawa. Mauaji hayo ndiyo yaliyofungua vita vilivyokuja kuitwa vita vya Masisi. Katika miezi iliyofuata maelfu ya watu waliuawa, na zaidi ya watu laki mbili walikimbia makwao.

Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1995, soko la namna nyingine lilifunguliwa kwa mara ya kwanza katika jiji la Los Angeles, Marekani. Hayo yalikuwa maonyesho ya E3, yaliyowakusanya watengenezaji wa michezo ya video, wachuuzi na waandishi wa habari. Kwa mtazamo wa haraka, Ntoto na Los Angeles hazina uhusiano wowote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano upo, na kwamba ulijengeka kwa mpangilio usio wa haki: jina la Kivu liliingia katika kumbi za maonyesho kwanza kama madini, halafu kama kisa kilichosimuliwa na wageni. Kuhusu wasimuliaji wa Afrika, hao waliingia kwa kuchelewa, kupitia mlango mwembamba wa studio huru.

2. Studio huru na kibanda chake

Kwa istilahi ya makala haya, studio huru ni kikundi kidogo cha watu, pengine mtu mmoja, kinachotengeneza mchezo wa video bila kumilikiwa na kampuni kubwa. Katika E3 ya 1995 studio za namna hiyo hazikuwa na nafasi ya maana. Habari zilizotawala ni za makampuni: Sega ilitangaza kuuza mashine yake ya Saturn kwa dola 399, na Sony ikajibu kwa kutangaza PlayStation kwa dola 299.

Hali ilibadilika kwa hatua. Mwaka 1999 tamasha la michezo huru lilitoa tuzo zake za kwanza katika mkutano wa watengenezaji wa michezo huko California. Programu ya Unity, iliyotolewa mwaka 2005 na kupata toleo la bure mwaka 2009, ilimwezesha mtu mwenye kompyuta ya kawaida kujenga mchezo kamili. Mwaka 2012, katika maonyesho ya PAX East mjini Boston, studio kadhaa ziliungana chini ya mpango wa Indie Megabooth, zikagawana sakafu na gharama. Yale ambayo studio moja isingeyamudu peke yake yaliwezekana kwa ushirika.

Yafaa kueleza kwa nini kibanda kilikuwa na thamani kubwa hivyo. Kwanza, kibanda ni mahali pa majaribio. Mtengenezaji husimama nyuma ya mgeni, hunyamaza, na kutazama ni wapi mchezaji anakwama, anacheka, au anaweka kidude chini na kuondoka. Pili, ni mahali pa habari, kwa kuwa mwandishi anayepita huweza kuutangaza mchezo ambao usingejulikana. Tatu, ni mahali pa mikataba, ambapo mchapishaji mwenye fedha hukutana na fundi asiye nazo. Asiyefika ukumbini hukosa yote matatu kwa pamoja.

Lakini kufika kuna bei yake. Kwa kijana wa Berlin, safari ya kwenda maonyesho ya gamescom mjini Köln ni ya gari moshi. Kwa kijana wa Kampala au Goma kuna nauli ya ndege, viza, barua za mwaliko na ushahidi wa fedha benki, na baada ya yote hayo jibu laweza kuwa hapana. Mipaka ya dunia huanza kufanya kazi kabla ya mlango wa ukumbi kufunguliwa.

3. Madini yatangulia

Kivu haikuhitaji viza. Ndani ya mashine za michezo na simu mna vidude vidogo viitwavyo kapasita, na baadhi yake hutengenezwa kwa metali ya tantali, ambayo hupatikana katika koltani. Masisi na Walikale ni miongoni mwa sehemu za Kivu zinazotoa madini hayo. Rubaya, katika Masisi, imekuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya koltani duniani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi, kisha ikaanguka mwaka 2001. Mwezi Novemba 2000 chama cha waasi cha RCD, kilichokuwa kikiitawala Goma, kilikuwa kimeipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kuuza koltani nje.

Mwaka huohuo Sony ilitoa PlayStation 2, nayo ilikuwa adimu madukani. Kutokana na mfuatano huo, baadhi ya waandishi wa baadaye waliviita vita vya Kongo kuwa vita vya PlayStation. Jina hilo lina ukweli ndani yake, lakini halina budi kupimwa. Bei haikupandishwa na mashine moja. Simu za mkononi, kompyuta na hofu ya wanunuzi waliolimbikiza akiba zilichangia pia. Isitoshe, vita vilivyokuwa vikiendelea vilianza mwaka 1998. Na kabla ya hapo kulikuwa na Ntoto. Watu waliouawa sokoni mwaka 1993 hawakuuawa kwa ajili ya koltani. Mgogoro ule ulihusu ardhi, uraia, utemi na hesabu za kisiasa za miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu. Kusema kwamba jiwe ndilo lililozaa vita ni kuwanyang'anya watu wa Masisi na Walikale historia yao na kuwaachia jiolojia peke yake.

Upungufu huo unaonekana hata katika kazi yenye nia njema. Mwezi Septemba 2011 Molleindustria, jina la kazi la Mwitalia Paolo Pedercini, ilitoa mchezo wa simu uitwao "Phone Story". Katika sehemu yake ya kwanza, mchezaji huwaongoza walinzi wenye silaha wanaowalazimisha watoto kuchimba koltani nchini Kongo. Kampuni ya Apple iliuondoa mchezo huo katika duka lake siku chache baada ya kuuidhinisha. Kama kejeli, kazi hiyo ni kali na ya ujasiri, kwani humfanya mwenye simu aone sehemu yake katika mateso ya mwingine. Hata hivyo mtoto anayechimba ndani yake hana jina, hana lugha, hana kijiji. Anateseka, lakini hasimulii.

4. Wasimuliaji waingia

Katika Afrika Mashariki mwanzo wa kukumbukwa ni wa Mkenya Wesley Kirinya, aliyetoa "Adventures of Nyangi" mwaka 2007. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia waliasisi Leti Arts, studio yenye makao Accra na Nairobi, kwa lengo la kuwatoa mashujaa wa Kiafrika katika simulizi na kuwaingiza katika michezo na katuni. Huko Yaoundé, Kameruni, studio ya Kiro'o ilichangisha fedha kwa umma kupitia intaneti na kutoa "Aurion" mwaka 2016.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa Ntoto ni wa Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kwa kukosa umeme kijana huyo alitembea masaa matatu kwenda kuichaji. Akiwa kambini alijifunza peke yake kutengeneza mchezo alioupa jina "Salaam". Mchezaji ni mkimbizi: hukimbia wenye silaha, hutafuta maji, chakula na dawa, na lengo lake ni kufika penye amani. Baadaye Mayen alihamia Marekani, akaasisi studio ya Junub Games mjini Washington. Mwezi Desemba 2018 alitambuliwa jukwaani katika hafla ya The Game Awards, Los Angeles.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuona kwamba jina la mchezo huo linatokana na shina moja la Kiarabu na maneno yetu salama na salamu. Lililo muhimu zaidi ni mabadiliko ya nafasi. Katika "Phone Story" mchezaji huwekwa upande wa mwenye bunduki ili aone haya. Katika "Salaam" huwekwa ndani ya miguu ya anayekimbia. Mabadiliko hayo yaliletwa na mtu aliyeishi kambini.

Kiswahili chenyewe kilifika jukwaa hilohilo kwa njia ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeasisi Surgent Studios. Mchezo wake "Tales of Kenzera: Zau", uliozaliwa na huzuni ya kumpoteza baba yake, ulitangazwa Desemba 2023 na kutolewa Aprili 2024 ukiwa na sauti za Kiingereza na za Kiswahili. Lakini makofi ya ukumbini hayakuihakikishia studio riziki: mwaka huohuo wa 2024 ilipunguza wafanyakazi. E3 nayo, baada ya mkutano wake wa mwisho wa ana kwa ana mwaka 2019, ilitangazwa kufungwa kabisa Desemba 2023. Maonyesho mengine yanaendelea, lakini milango ambayo studio ndogo zilijifunza kuibisha haidumu.

5. Mwindo na swali la mwenye hadithi

Kama kinachotafutwa kumbini ni hadithi, Walikale haikuwa maskini. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akiimba, akicheza na kuigiza mbele ya watu walioitikia. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, mtemi Shemwindo, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anarudi na kushinda, anamfuata baba yake hadi kuzimu. Lakini mwisho wake si kisasi. Waliouawa wanafufuliwa, baba na mwana wanapatanishwa, na nchi inagawanywa kati yao.

Usimulizi ule ulikuwa na sifa ambazo mchezo wa video huzitafuta: shujaa, majaribu yanayofuatana, silaha ya ajabu, na hadhira inayoshiriki. Kutokana na hayo, ni rahisi kuwaza Mwindo akiwa kibandani. Swali la kihistoria ni nani atakayempeleka, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Koltani ilishaonyesha jinsi mali ya Kivu inavyoweza kusafiri huku jina la mchimbaji likibaki nyuma. Hadithi nayo yaweza kuchimbwa namna hiyohiyo.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maonyesho ya michezo ni soko lenye historia, na kwamba Kivu imekuwamo ndani yake muda mrefu kabla ya kuonekana. Studio huru haijaondoa kikwazo cha fedha wala cha viza, lakini imethibitisha kwamba kijana wa kambini aweza kusimama mbele ya kazi yake mwenyewe na kuieleza. Mwezi Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na watu wa Masisi na Walikale wakahama tena. Wanaohama huondoka na hadithi zao. Wajibu wa wanaofundisha Kiswahili na fasihi simulizi ni kuhakikisha kwamba hadithi hizo zinaandikwa na majina ya wasimulizi wake, ili zitakapofika ukumbini zisifike kama jiwe lisilo na mwenyewe. Soko la Ntoto lilivunjwa na waliowanyima wenzao haki ya kuwapo pale, na soko lolote linalokusudia kuwa bora kuliko hilo huanza kwa kuirudisha haki hiyo.