Malawi: Nchi ya Mpira wa Pete

Aprili 8, 2018, mjini Gold Coast, Australia, wasichana wa Malawi waliifunga New Zealand 57-53 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mshabiki wa soka huenda asishtuke. Lakini New Zealand ni taifa lililokuwa limeshatwaa Kombe la Dunia la netiboli mara kadhaa, na tangu mchezo huo uingizwe kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 halikuwahi kuondoka bila medali. Mwaka ule liliondoka mikono mitupu.

Netiboli ilitokana na mpira wa kikapu, uliobuniwa Marekani mwaka 1891. Walimu wa kike wa mazoezi ya viungo wa Uingereza waliugeuza wakaufanya wao, na mwaka 1901 wakachapisha kanuni zao. Kutoka huko ukasambazwa na walimu katika shule za makoloni, Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ikiwamo. Gharama yake ndiyo iliyoufanya uote mizizi: milingoti miwili, pete mbili, mpira mmoja na kiwanja cha vumbi kilichofagiliwa. Shule ya kijijini haihitaji zaidi ya hapo.

Wanaume wa Malawi wana timu yao ya soka, Flames. Haijawahi kufika Kombe la Dunia, na fainali za Afrika imezicheza mara tatu tu: 1984, 2010 na 2021. Wanawake wa netiboli, Queens, walishika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia mwaka 2007, kisha ya sita mara tatu mfululizo, 2011, 2015 na 2019. Hakuna mchezo mwingine wa timu uliolipandisha jina la Malawi juu kiasi hicho. Hata hivyo, wavulana ndio wanaojaza kurasa za michezo.

Mary Waya aliichezea Queens kwa miaka mingi, halafu akawa kocha. Baada yake akaja Mwai Kumwenda, mfungaji kutoka Mzimba, aliyekwenda Australia na kutwaa ubingwa wa ligi ya huko mwaka 2020 akiwa na Melbourne Vixens. Joyce Mvula naye alikwenda Uingereza kuichezea Manchester Thunder. Sababu haifichiki: ligi ya nyumbani haiwezi kumlisha mchezaji wa kiwango hicho. Na kwa kuwa netiboli haijawahi kuchezwa Olimpiki, serikali nyingi hupata kisingizio cha kuiweka nyuma kwenye bajeti.

Mwaka 2023 Kombe la Dunia lilichezwa Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Uganda ilimaliza ya tano, Afrika Kusini ya sita, Malawi ya saba. Waganda waliwapita waliokuwa wakiwafukuzia. Kombe lijalo ni Sydney, 2027. Chama cha netiboli cha Malawi kina kazi ya kufanya kabla ya hapo.