12 kati ya 67

Wasee, kuna namba moja imeninyima usingizi wiki hii: 12 kati ya 67. Itabidi mnivumilie kidogo ju ni ya besiboli, na najua wengi wenu mnaijua tu kama raunda ya primary iliyopewa mshahara. Sawa, si mbali na ukweli. Unarushiwa mpira, unaupiga na gongo, unakimbia vituo. Ukiupiga ukazunguka vituo vyote vinne kwa pigo hilo hilo, hiyo ni hom rani.

Timu yenyewe ni St. Louis Browns. Usiitafute, haipo. Ilicheza St. Louis kuanzia 1902 hadi 1953, halafu ikahamia Baltimore na kubadilisha jina. Miaka 52, na ilishinda ligi yake mara moja tu, 1944. Ikaingia fainali kuu, na nani alikuwa anaingoja huko? Cardinals, timu ya mji huo huo, waliokuwa wakitumia kiwanja hicho hicho. Ikachapwa.

Mashabiki? 1935, msimu mzima wa nyumbani, waliingia watu 80,922. Msimu mzima, si mechi moja! Kasarani ikijaa mara mbili tu imewapita.

Kwa hivyo watu wakiikumbuka Browns, wanaikumbuka kama kichekesho. Kichekesho kikubwa kabisa kilitokea tarehe 19 Agosti 1951. Mwenye timu, Bill Veeck, alimwingiza uwanjani Eddie Gaedel, jamaa wa kimo cha sentimita 109 hivi, mgongoni amevaa namba 1/8. Mrushaji lazima apitishe mpira kati ya magoti na kifua cha mpigaji, sasa kwa Gaedel hiyo nafasi ilikuwa kama dirisha la matatu. Bob Cain wa Detroit alirusha mara nne, zote zikapita juu. Gaedel akapewa kituo cha kwanza bure, akatolewa akaingia mkimbiaji, na kesho yake rais wa ligi akafuta mkataba wake. Ukifungua rekodi leo, Gaedel amefika kituoni asilimia 100 ya maisha yake yote ya uchezaji. Hakuna nyota anayemfikia. Alifariki 1961 akiwa na miaka 36, na Cain, aliyemrushia ile mipira minne, alienda mazishini. Hiyo huwa haisimuliwi kwa kicheko.

Halafu kuna Pete Gray, 1945, aliyecheza mechi 77 akiwa na mkono mmoja. Wanasema alikuwa mapambo ya wakati wa vita ju wachezaji wengi walikuwa jeshini. Lakini hebu angalia: alipiga mara 234 na kushindwa kabisa kwa stiki tatu mara 11 tu. Mapambo gani hayo?

Sasa turudi kwa namba yangu.

Julai 1947. Jackie Robinson ameanza kucheza Brooklyn mwezi wa nne, na huyo kila mtu anamjua. Browns, wakiwa mkiani na viti vitupu, wakasajili wachezaji wawili weusi kutoka Kansas City Monarchs: Hank Thompson, miaka 21, na Willard Brown, miaka 32. Tarehe 20 wakacheza wote wawili mechi moja, na hakuna timu nyingine ya ligi kuu wakati huo iliyokuwa ikichezesha weusi wawili pamoja. Timu ya kichekesho ilifika hapo kabla ya wakubwa wote.

Lakini usidhani ni moyo mzuri. Walitaka tiketi ziuzwe. Tarehe 13 Agosti, Brown aliingia kama mpigaji wa akiba dhidi ya Hal Newhouser wa Detroit, mmoja wa warushaji wakali wa enzi hizo, akiwa na gongo la mwenzake Jeff Heath. Akapiga, akakimbia vituo vyote. Hom rani ya kwanza ya mchezaji mweusi katika American League. Inasimuliwa kwamba aliporudi kwenye benchi, Heath alilichukua lile gongo akalivunja ukutani.

Siku kumi baadaye Brown na Thompson wakafukuzwa. Wiki tano hivi, basi. Brown aliondoka na mechi 21, na kupiga vizuri mara 12 kati ya 67.

Hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yake ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 70. Mtu akifungua ukurasa angesema huyu hakujua mpira. Manze, majira ya baridi yaliyofuata, yaani miezi michache tu baadaye, alienda Puerto Rico akacheza mechi 60, akapiga hom rani 27, akifaulu mara 432 kwa kila 1,000. Mtu yule yule, mikono ile ile! Huko walimpa jina Ese Hombre, yaani Huyo Mwanaume.

Na Thompson aliyefukuzwa akiwa kijana? Alirudi 1949 na New York Giants, akawa mweusi wa kwanza kucheza katika ligi zote mbili, na 1951 alikuwa kwenye fainali kuu pamoja na Willie Mays.

Nakubali hii stori inanigusa vibaya. Niliacha chuo, na karatasi yangu ya matokeo ina mihula mitatu halafu nafasi tupu. Nimewahi kukaa mbele ya mtu wa ajira akaisoma sekunde kumi, akainua macho akiwa tayari ananijua. Hakuuliza mihula ile mingine nilikuwa wapi.

Brown alifariki 1996. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli 2006, na si kwa zile mechi 21. Mei 2024 ndipo ligi kuu ikaingiza rasmi namba za ligi za watu weusi za 1920 hadi 1948 kwenye rekodi zake, kwa hivyo sasa ukifungua ukurasa wa Brown unaona pia misimu yake na Monarchs. Zile 12 kati ya 67 bado ziko palepale, mstari mmoja kati ya mingi. Gongo la Heath halina mstari.